Koki ya Baba Mkwe

Katika nyumba yetu, ukisikia mtu anapiga kelele "Mvua hiyo!" hutazami juu. Unatazama karo la kufulia.

Nieleze mapema nisije nikarudi nyuma. Nyumba ina vyumba sita na ua mmoja katikati. Pembeni ya ua kuna karo, na chini ya karo marehemu baba mkwe wangu alichimba shimo la kumtosha mtu aliyechuchumaa, akalijengea matofali, akaleta ndani yake bomba lililotoka moja kwa moja kwenye bomba kubwa, kabla ya valvu inayofungulia mtaa maji, bila kupita kwenye mita. Juu akaweka kifuniko cha mbao nene, akakipaka saruji kionekane sakafu. Miaka kumi na mmoja mita yetu ilikuwa inasoma maji ya kunawa uso tu. Mtaa mzima ukikauka, sisi tunafua mapazia.

Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu. Geti likibishwa, aliye karibu anapiga kelele ya mvua. Binti yangu anainua kifuniko, anafunga koki na kurudisha. Mama mkwe anaweka kigoda juu yake na kukaa na beseni la nguo. Fundi Cherehani, mpangaji wa chumba cha pili, anapanga ndoo tupu kwenye baraza zionekane zina kiu. Mwalimu Mstaafu, wa chumba cha mwisho, anakwenda kufungua geti taratibu huku akikohoa. Tulikuwa tunamaliza yote kabla mgeni hajamaliza kuulizia hali za watoto.

Utaratibu huo niliupanga mimi. Nina diploma ya ugavi, ninatunza stoo ya kiwanda cha samani, na mtaani wananiita Mama Risiti kwa sababu hutoki na boksi la misumari mlangoni kwangu bila karatasi. Binti yangu aliwahi kuniuliza ile koki ina karatasi gani. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Jumamosi ile, kama saa nne asubuhi, geti likabishwa.

"Mvua hiyo!" akaita Fundi kutoka kwenye cherehani yake.

Jua lilikuwa kali, nguo zimekauka hadi zinasimama zenyewe. Tukafanya yetu. Mwalimu akakohoa mpaka getini, akafungua, na kikohozi kikamkatikia kooni.

Alikuwa msoma mita. Miaka mitatu alikuwa anakuja kila mwezi, na hakuna aliyejua anaishi wapi wala kama ana mke. Tulimjua kwa kofia yake na kwa kalamu. Fundi alimwita Bwana Nukta, kwa sababu akimaliza kuandika tarakimu huweka nukta na kuikandamiza kama anayeua chawa. Siku hiyo hakuwa na kofia. Mfuko wa shati ulikuwa umechanika, kiatu kimoja hakina kamba, na daftari lake alikuwa amelichomeka kiunoni.

"Karibu, mkaguzi, karibu!" Mwalimu akamvutia kiti chake mwenyewe, kile chenye mto. "Mita iko pale pale. Ni nzima kabisa."

"Ahsante, Mwalimu. Sikuja kwa mita." Akamgeukia mama mkwe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Usijisumbue kukaa hapo, mama. Najua liko hapo chini."

Fundi akaangusha mkasi. Binti yangu akacheka, kisha akaziba mdomo. Mama mkwe hakutikisika. Mwanamke huyu amezaa watoto saba na kumzika mume. Kumwambia ainuke si kazi ya mtu mwenye kiatu kisicho na kamba.

"Tangu lini?" nikamuuliza. Sikuona faida ya kuzunguka.

"Tangu mwezi wangu wa kwanza hapa. Nyumba ya watu tisa, maji ya mtu mmoja, na mapazia meupe namna hii."

"Nilisema mimi kuhusu hayo mapazia," akanong'ona Fundi.

"Basi umekuja kutafuta nini?"

Akatazama geti, akalisukuma mpaka likajifunga. "Pa kujificha. Mpaka Jumatatu asubuhi."

Akatueleza akiwa amesimama. Kuna mtu mtaani tunamwita Bwana Malori. Ana malori saba ya maji, na watu wote wananunua kwake bomba zinapokauka. Bomba zilikuwa hazikauki zenyewe. Mkubwa mmoja wa ofisi ya maji alikuwa anafunga valvu ya mtaa siku nne kwa wiki na kuwafungulia wale wa malori kwa nyuma. Msoma mita aliandika kila kitu: siku, saa, valvu, namba za malori. Jumatatu saa tatu asubuhi tume ya uchunguzi ilikuwa inakaa kwenye ukumbi wa mikutano, naye alikuwa shahidi wa kwanza. Ijumaa wanaume watatu walikwenda nyumbani kwake. Alitorokea dirishani.

"Huna ndugu?" akauliza mama mkwe.

"Ninao. Ndiko watakakoanza kutafuta."

"Sasa kwa nini sisi?"

"Mama, nimesoma mita nyumba mia nne. Nyumba iliyoficha bomba miaka kumi na mmoja, mtu mmoja kwa siku mbili hataishinda."

Sijui kwa wengine, lakini mimi nilijisikia nimesifiwa na nimepigwa kofi kwa mkono mmoja.

Nikamuuliza lile lililokuwa kooni kwa kila mtu. "Daftari hilo lina nyumba yetu?"

"Ndiyo. Ukurasa wa thelathini na mbili."

"Na utausoma?"

"Watalichukua lote. Kurasa zina namba. Nikichana mmoja, wakili wa Bwana Malori atauliza umekwenda wapi, na tangu hapo hakuna atakayeniamini hata nikisema jua linawaka." Akaligusa daftari kiunoni. "Ningeweza kuwaficha hilo mpaka Jumatatu. Nimeona bora niwaambie kabla hamjanipa hata maji ya kunywa."

"Maji yenyewe ndiyo hayo ya ofisi yako," akasema Fundi, akampa kikombe.

Nilimlaza kwenye stoo yetu ya vyakula, nyuma ya pipa la unga. Sikumpokea kwa wema mkubwa, msinielewe vibaya. Nilijiambia kwamba mtu aliye ndani ya nyumba yako unaweza kuzungumza naye, na aliye nje huwezi. Jioni nilizungumza naye. Nilijaribu kila njia ninayotumia kwa wasambazaji wakaidi. Nilimtajia mama mkwe na presha yake, nikamtajia mtihani wa binti yangu. Alinisikiliza kwa adabu, akanitengenezea mpini wa sufuria uliokuwa umelegea, na ukurasa wa thelathini na mbili ukabaki pale pale. Nikampigia simu mume wangu, ambaye anajenga barabara mbali na huku, akasema, "Amua wewe, mke wangu, mimi mtandao unakata." Mtandao wake hukata hivyo kila penye uamuzi.

Jumapili mchana, saa nane hivi, geti likabishwa kwa kitu kigumu. Pete, nilivyokuja kuona.

"Mvua hiyo!"

Msoma mita alikuwa uani akifunga kamba ya viatu niliyompa. Hakukuwa na muda wa kumrudisha stoo. Ingebidi apite mbele ya geti. Binti yangu akainua kifuniko, akafunga koki, akamtazama mgeni, kisha akaonyesha kidole shimoni. Mwanamume yule akaingia kama nguo inavyoingia kwenye begi. Kifuniko kikarudi, kigoda juu, mama mkwe juu ya kigoda, beseni mapajani. Ndoo kwenye baraza. Mwalimu akakohoa.

Bwana Malori akaingia na kijana mmoja mwenye kifua kipana. Yeye mwenyewe ni mtu mfupi, msafi, ananukia sabuni. Alitusalimia wote kwa adabu, hata binti yangu. Akatembea taratibu mpaka karoni, akasimama na viatu vyake vya ngozi umbali wa shibiri moja kutoka kwenye kifuniko.

"Shikamoo, mama. Unafua Jumapili?"

"Marahaba. Uchafu haujui Jumapili."

Akacheka. "Natafuta msoma mita. Mtu mwembamba, ana daftari. Amechanganyikiwa kidogo, familia yake ina wasiwasi."

"Huyo akija hapa hasalimii hata mtu," akasema Fundi. "Atakuwa na familia yule?"

"Hajapita," nikasema.

Hakuna aliyepepesa macho. Tulikuwa hodari, Mungu atusamehe. Miaka kumi na mmoja ya mazoezi.

Bwana Malori akachezea pete yake. "Mimi si mtu wa kusumbua watu. Kwanza mimi na nyinyi ni wale wale." Akagonga sakafu kwa ncha ya kiatu, gonga mbili, karibu kabisa na mguu wa kigoda. "Nina rafiki ofisini, ananionyesha vitabu. Nyumba ya watu tisa, maji ya mtu mmoja. Nilipoona nikasema, hawa ni wenzangu. Tunakunywa sehemu moja."

Mama mkwe alikuwa anasugua kola ya shati. Akaacha.

"Yule bwana akisema Jumatatu, mimi nitapata usumbufu, na nyinyi mtapata usumbufu. Akinyamaza, sote tunalala. Bomba lenu litaishi, mimi mwenyewe nitahakikisha." Akampa Mwalimu kipande cha karatasi chenye namba ya simu. "Mkimwona. Si lazima mseme mengi. Huyu kijana wangu atakaa pale kona, hana kazi leo wala kesho."

Akaaga kila mtu, akatoka.

Tulisubiri hatua zake ziishe. Kisha tukamtoa mgeni shimoni, matope mpaka kifuani, daftari amelishika juu ya kichwa. Kila neno alikuwa amelisikia. Akaenda kukaa kwenye ngazi ya stoo, akatutazama kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Mwalimu ndiye aliyeanza. "Jamani. Tuongee kama watu wazima."

"Ongea," nikasema.

"Sina ubaya naye. Lakini nimefundisha miaka thelathini na minne. Pale ukumbini watakaokaa nusu yao nimewafundisha mimi kuandika majina yao. Leo lisomwe jina langu kwamba ni mwizi wa maji?" Karatasi ilikuwa mkononi mwake, na simu alikuwa ameshaitoa. "Wakimchukua, watamtisha tu. Watamtisha, atanyamaza, basi."

"Alitorokea dirishani, Mwalimu," akasema Fundi. "Kwa kutishwa tu?"

"Wewe unafua na nguo za wateja wako, unamaliza maji kuliko sisi sote, halafu leo ndiye mwadilifu!"

"Namaliza! Na we unayeoga mara tatu kama samaki?"

Wakaendelea hivyo. Nilimtazama mgeni. Kamba yangu ya viatu, nyekundu, ilikuwa kwenye mguu wake imelowa. Nikamwendea Mwalimu.

"Piga," nikamwambia.

"Nini?"

"Piga hiyo namba. Hapa hapa, mbele yake, na uweke sauti juu sote tusikie. Usiende chumbani kwako, usiende chooni. Ukimaliza kuongea, mimi nitafungua geti."

Alibonyeza tarakimu tatu. Ya nne ikamshinda. Alimtazama yule mtu kwenye ngazi, mtu mzima aliyejaa matope ya shimo letu, akaketi kwenye kiti chake chenye mto na kufunika uso kwa kiganja. Binti yangu akaenda kumkalisha vizuri, akachukua ile karatasi vidoleni mwake, akaitia kwenye beseni la povu.

Sasa nilikuwa nimejitia kwenye kona mwenyewe. Kutopiga simu ni jambo moja. Lakini ukurasa wa thelathini na mbili ulikuwepo, kijana alikuwa kona, na Jumatatu ilikuwa kesho. Na lile neno lilikuwa limenikaa kama mfupa. Wale wale. Ninasimamisha watu mlangoni kwa boksi la misumari, halafu mtu wa namna ile anasimama uani kwangu na kuniita mwenzake.

"Toeni hilo bomba," akasema mama mkwe.

Tukageuka. Alikuwa bado kwenye kigoda, lile shati mkononi.

"Mama?"

"Mna masikio. Mume wangu alichimba shimo hili mwezi ule wewe," akanielekezea kidole, "ulikuwa na mimba ya huyu mtoto, unatoka na ndoo asubuhi unarudi saa sita bila kitu. Alichimba analia. Alikuwa mtu wa haya, alikuwa anachimba na kulia. Leo kimtu kinachonukia sabuni kinakuja kugonga kwa kiatu kazi ya mume wangu na kusema ni wenzake. Aliyetufungia valvu ni yeye!" Akainuka. Sijapata kumwona akiinuka haraka vile. "Lingekuwa la kujivunia nisingelikalia miaka yote hii. Leteni sururu."

Ndiyo kwanza akili yangu ikafunguka. Nikaanza kupanga, maana kupanga ndiyo kazi yangu.

"Sikilizeni. Tunalitoa leo hii. Kesho tunalipeleka wenyewe ukumbini, kabla hajafungua mdomo. Ukurasa wake utasomwa, na sisi tutakuwa tumeshasimama. Watakachotuamulia tutakifanya."

"Na yule wa kona?" akauliza mgeni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu atoke shimoni. "Mtanitoaje?"

"Bomba likitoka, kesho asubuhi nyumba hii haina maji," nikamwambia. "Nyumba isiyo na maji inafanya nini?"

Fundi akaelewa kwanza. Akacheka hadi akashika cherehani.

Tulichimba mpaka jua linazama. Mgeni aliziba tundu upande wa bomba kubwa kwa mikono ya mtu anayejua kazi, na mimi nikashikilia spana. Mwalimu alikuja bila kuitwa, akabeba udongo kwa karai, hatua ndogo ndogo, suruali ameikunja. Hakuna aliyemsemesha kuhusu simu. Bomba lilitoka na koki yake, kipande cha urefu wa shibiri, kimeshika kutu. Mama mkwe akakifuta kwa lile shati.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu geti letu likafunguka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja tukatoka sote na ndoo. Mwanamume mwembamba aliyevaa koti la Mwalimu na kofia yake ya sufi alikuwa katikati, dumu begani upande wa kona, daftari limefungwa tumboni kwa mkanda wa Fundi. Mimi nilibeba ndoo yenye kifuniko. Ndani mlikuwa na kipande cha bomba na koki yake.

Yule kijana alikuwa amekaa kwenye jiwe akipiga mswaki kwa maji ya chupa. Akatutazama. Alikuwa anasubiri mtu mmoja anayekimbia, na alichokiona ni familia inayogombana.

"We mzee, tembea basi!" Fundi akamfokea mgeni. "Kulala tu unajua, foleni itatupita!"

"Muache mjomba, mgongo unamuuma," akasema binti yangu.

"Mgongo! Akila haumuumi?"

Mgeni akakohoa. Alikohoa sawasawa kabisa na Mwalimu, aliyekuwa nyuma yake akikohoa kwa hofu ya kweli. Kijana akatema povu na kugeukia chupa yake.

Kwenye bomba la mtaa kulikuwa na foleni ya wanawake kama arobaini, na bomba lilikuwa kavu kama kawaida ya Jumatatu. Walipotuona wakapigana viwiko.

"Heee! Leo na nyinyi?"

"Mapazia yameishiwa maji?"

Kwa hiyo walijua. Wote walikuwa wanajua. Niliona aibu inanipanda kutoka miguuni, nikaiacha ipande, nikasimama.

"Leo na sisi," nikasema. "Na bomba tunalo ndani ya ndoo, tunalipeleka kwa tume. Bwana huyu anakwenda kuwaambia nani anawafungia maji. Kuna vijana hawataki afike. Anayetaka kutusindikiza atusindikize, anayetaka kutucheka atucheke njiani."

Walicheka, tena sana. Kisha mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akainua ndoo yake na kuitoa kwenye foleni, jambo ambalo hakuna anayelifanya mtaani kwetu, akaja kusimama kando ya msoma mita. Wengine wakafuata. Tulifika ukumbini watu zaidi ya thelathini na ndoo tupu. Bwana Malori alikuwa kwenye ngazi na wakili wake. Akaona koti la Mwalimu, akaona uso uliokuwa chini ya kofia. Alituangalia sote kwa zamu, na mama mkwe alipomfikia akamwambia, "Pisha, baba, tuna kazi."

Akapisha.

Msoma mita alisoma daftari lake kuanzia ukurasa wa kwanza. Kabla hajaanza, niliomba kusema. Karani wa tume, msichana mwenye miwani, aliniuliza mimi ni nani katika orodha. Nikamwambia simo kwenye orodha, nimo kwenye ukurasa wa thelathini na mbili. Nikaeleza kwa sentensi nne, nikafungua ndoo, nikaweka koki ya baba mkwe juu ya meza yao yenye kitambaa cha kijani. Ikaacha alama ya kutu. Nyuma yangu Mwalimu akasimama, akataja jina lake kamili kwa sauti ile ya darasani, akaketi.

Mwenyekiti akashukuru, akasema kielelezo kimepokelewa, naweza kurudi kukaa.

Sikurudi.

"Kuna jambo jingine, mama?" akauliza karani.

"Naomba risiti," nikamwambia. "Iandikwe bomba moja na koki moja. Na tarehe."